Mkono wa Sio na Rinda la Manjano

Wiki jana kijana wa bodaboda aliniletea simu imeanguka ndani ya maji. Mimi natengeneza simu hapa Malaba, kibanda changu kiko karibu na foleni ya malori, na simu za maji naziona kila siku. Zingine zimeanguka kwa ndoo, zingine kwa choo, sitaki hata kukuambia. Lakini nilipofungua hiyo, kabla hata nishike brashi, harufu ikanipiga. Tope. Na si tope ya barabara. Ile nyeusi, ya majani yaliyooza polepole, iko na utamu fulani kama muhogo uliovundikwa.

Nikamuuliza, "Hii ilianguka wapi?"

"Mto Sio, dada. Huko upande wa Mundika. Nilikuwa naosha pikipiki."

Nikamwambia arudi baada ya siku mbili. Kesho yake nikafunga kibanda nikaenda kwetu, mahali sikuwa nimekanyaga tangu tumzike kukhu. Kukhu ni nyanya yangu. Ndiye alinilea.

Kama hukulelewa karibu na mto, ngoja nikupange vizuri. Sio inatoka huko juu Bungoma, inapita kwetu, inaenda kuingia ziwani. Sasa ikifika chini ya shamba la kukhu ilikuwa inatoa tawi. Tawi linaachana na mto, linazunguka nyuma ya shamba kama mtu ameshika mwenzake kiuno, halafu linapotelea kwa kinamasi cha mafunjo. Tuliliita Mkono. Mahali maji yalikuwa yanaingilia tuliita mdomo. Ndio, mkono ulikuwa na mdomo. Hayo majina walitoa wazee wetu, na ukitaka kucheka cheka, lakini si mbele yangu.

Kukhu alikuwa anasema zamani Mkono ndio ulikuwa mto wenyewe, halafu mwaka mmoja wa mvua kubwa Sio ikachoka kuzunguka, ikakata njia fupi, ikaacha Mkono nyuma. Alisema wakati wa kodi ya wazungu, wanaume wa kwetu walikuwa wanashinda ndani ya mafunjo, maji mpaka kifuani, askari anaita juu hapo na hakuna mtu wa kuitika. Baadaye wakati wa magendo ya kahawa, magunia yaliyovuka kutoka Uganda yalilala humo humo yakingoja wanunuzi. Hakuna kitabu kina hiyo habari. Nimetafuta sana, hata kwa simu. Nimepata ya Nile mpaka nimechoka. Ya Mkono, kukhu ndiye alikuwa kitabu.

Na vile palikuwa! Maji ya Sio ni ya rangi ya chai ya maziwa, lakini ya Mkono yalikuwa meusi na yametulia, unaona uso wako. Asubuhi nikitumwa maji nilikuwa napata korongo wenye taji wawili wamesimama kwa nyasi kama wageni waliofika mapema kwa harusi. Kenge alikuwa anaota jua kwa gogo moja, kila siku lile lile, ukimrushia jiwe anaingia majini bila haraka, kama amekudharau. Fisi maji tulikuwa tunamsikia akitafuna kaa. Na juu ya mti wa mkuyu uliokuwa pale mdomoni palikuwa na nyumba ya fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Hiyo si kiota, ni nyumba, miti na matope na vitambaa vimerundikwa, mtoto angelala ndani. Kukhu alitukataza kabisa kumtupia mawe. Alisema, "Huyo ndiye mwenye plot. Sisi tumepanga."

Kwa ukingo wa Mkono mama wa mikeka, jirani yetu, alikuwa anakata mafunjo. Sisi watoto tulikuwa tunamsaidia kuyatandaza yakauke, na malipo yetu ilikuwa kiazi kitamu cha kuchoma kwa majivu ya moto wake. Mpaka leo kiazi cha jiko la gesi kwangu ni kama kimechemshwa na mgonjwa.

Lakini kitu nilitaka kukuambia ni siku ya vikapu.

Kiangazi kikikaza, maji ya Mkono yalikuwa yanashuka mpaka yanabaki vidimbwi vimeungana na mto kwa kijito kidogo tu, na samaki wamejaa humo. Sasa hapo hakuna mtu anaruhusiwa kuingia. Hata mwanaume mwenye nguvu. Mnangoja mama mmoja aseme. Huyo mama ni yule wameona ana mkono mzuri, na kwa miaka mingi alikuwa kukhu. Akisema leo, wamama wote wanakuja na vikapu vyao visivyo na kitako, wanajipanga mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, kukhu anatangulia, halafu wote wanashuka kama ukuta. Unagandamiza kikapu kwa tope, ukisikia kitu kinagonga ndani, unaingiza mkono kwa juu unavuta. Mumi, yule kambare mwenye ndevu. Na kamongo, yule mrefu kama nyoka, anayeuma kweli kweli. Wanaume walikuwa wanakaa juu wakibeba na kunyamaza. Hiyo peke yake ilikuwa sherehe.

Sheria nyingine ilikuwa moja tu: mdomo haufungwi. Mzee wa mitego, jirani wa upande wa chini, ndiye aliruhusiwa kuweka uzio wa matete pale mdomoni na kutega. Lakini lazima aache mlango katikati, upana wa ndama, ili samaki wadogo warudi mtoni. Alikuwa mpole, mrefu, anaongea kama anaazima maneno. Aliwahi kunitengenezea mtego mdogo wa kuchezea, saizi ya kikombe.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi. Mwaka uliotangulia samaki walikuwa kidogo, na shuleni kuna msichana mmoja, mdomo kama redio, alianza.

"Kukhu yenu amezeeka. Maji yanamkimbia."

"Sema tena."

"Nimesema ma-ji ya-na-m-ki-mbi-a. Hata mamangu amesema mwaka huu wachague mwingine."

Nilimpiga. Nikapigwa na mwalimu. Hiyo haikunisumbua. Kilichonisumbua ni hilo neno, wachague mwingine. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nawaka, na nikifika nikakuta kukhu ameketi mlangoni anakaza kikapu chake, ananyoosha vidole vimekunjika kwa baridi ya mifupa. Hakujua wanamsema. Nikaapa hatajua.

Sasa akili ya mtoto. Nilifikiria hivi: samaki wanapungua kwa sababu wanatoka kwa ule mlango wa ndama. Ukifunga mlango, watabaki. Watakuwa wengi, kukhu atawavua wote, na yule msichana atameza redio yake.

Siku mbili kabla ya vikapu, mchana, watu wote wakiwa sokoni, nilikata migomba kwa shamba letu, nikaivuta mmoja mmoja mpaka mdomoni. Nikaisukuma kwa ule mlango, nikajaza matope na mawe, nikakanyaga. Nilikuwa nimevaa rinda la manjano, lile la kanisa, kwa sababu lingine lilikuwa limelowa. Fundichuma alikuwa juu ya mkuyu ananiangalia. Nikamwambia, "Na wewe nyamaza."

Siku ya vikapu, rafiki yangu, sijaona siku kama hiyo tena. Maji yalikuwa yanachemka samaki. Wamama wanapiga kelele, mama wa mikeka ameumwa kidole na kamongo anacheka na kulia pamoja, mtu anaita, "Mama, kikapu changu kinatembea!" Kukhu alikuwa mbele, matope mpaka shingoni, amekuwa msichana. Walimbeba juu. Tulikula mumi wa chungu na ugali ya wimbi na muhogo, ile nyeusi inayoshika vidole, na kamongo wa kukausha akajaa dari yote. Hakuna mtu alisema wachague mwingine.

Ule mlango nilisema nitaufungua kesho.

Kesho haikungoja. Huko juu mvua ilinyesha, na kulipopambazuka Sio ilikuwa imefika nyekundu, imebeba mchanga. Kila mwaka mafuriko ya kwanza yalikuwa yanaingia Mkono yanausafisha. Mwaka huo yalifika mdomoni yakakuta pamezibwa, yakaacha mchanga hapo. Siku tatu. Maji yalipotulia, mdomoni palikuwa na kilima cha mchanga mtu angeweza kujenga choo juu yake.

Kukhu aliona rinda langu siku hiyo hiyo. Unajua utomvu wa mgomba. Ukikauka kwa nguo unakuwa kahawia na hautoki, hata ufue na nini. Lilikuwa na madoa kutoka kifuani mpaka chini. Aliliangalia kwa mwanga, akaniangalia. Akachukua kisu akalikata vipande, vikawa vitambaa vya kushikia sufuria.

Halafu watu wakaenda kwa mzee wa mitego. Uzio ulikuwa wake, basi kosa lake. Walisema amefunga mlango kwa tamaa. Walitoa mitego yake yote wakaichoma palepale ukingoni, na yeye alisimama tu, mikono imening'inia.

"Mimi niliacha mlango wazi," alisema. "Niliacha."

Nilikuwa nyuma ya kukhu. Nilifungua mdomo. Mkono wake ukashuka begani mwangu ukabonyeza, ukabonyeza sana, mpaka nikaufunga. Mwezi uliofuata mzee alihama akaenda Budalang'i kwa ndugu zake.

Mimi mtu akimgusa kukhu napigana, hata leo, hata ukiwa askari. Lakini siku hiyo tulikosea, mimi na yeye, na nimekaa miaka yote bila kuweza kusema hiyo sentensi.

Basi wiki jana nimefika. Mkono hakuna. Ni mahindi. Mti wa mkuyu walikata wakachomea matofali. Nilimpata mama wa mikeka kwake, sasa anashona mikeka ya nailoni, na kabla hata sijamaliza chai nikamwambia yote. Migomba, rinda, bega.

Aliweka sindano chini.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na mimi niliwasha moto. Kiberiti kilikuwa changu. Usiniambie mimi, sina cha kukusamehe. Mwambie mwenye mitego mwenyewe. Bado yuko hai."

Akanipa namba. Nilipiga nikiwa nimesimama kwa mahindi, mahali palikuwa mdomo, na mimi ambaye naongea na wateja tangu asubuhi hadi jioni bila kukohoa, nilimsalimia mara tatu kabla nianze. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia nilifunga mlango wake.

Nikasikia anavuta kiti.

"Ulifunga na nini?"

"Migomba, mzee. Na mawe."

"Migomba." Nikasikia anapumua. "Migomba ingeoza kabla mwezi uishe. Huko juu walikuwa wameshalima mpaka ukingoni, mchanga ulikuwa unakuja kila mwaka mwingi kuliko mwaka uliopita. Mkono ulikuwa unaondoka, mtoto. Wewe uliusukuma tu."

Nikaanza kulia, nikidhani ameniachilia.

"Lakini mitego yangu walichoma bure," akasema. "Na kukhu yako alijua. Niliona mkono wake."

"Ndio, mzee."

"Eeh." Halafu akauliza, "Fundichuma bado yuko?"

"Mti walikata."

Hapo ndipo sauti yake ilivunjika, si kwa mitego. Akasema nikuje Jumamosi na panga, kuna matete ya kukata, mikono yake imechoka. Akasema, "Nikuonyeshe mlango huwa unaachwa wapi."

Nimekaa nikiwaza hayo yote. Korongo, yule kenge mwenye dharau, mstari wa wamama wakishuka kama ukuta, wanaume wakinyamaza. Yule msichana wa redio ameolewa Tororo na hakumbuki hata alichosema. Mtu anaweza kuja pale leo, aone mahindi, aseme hapa ni mahindi tu tangu zamani. Utamwonyesha nini?

Simu ya yule kijana ilipona. Tope yake sikutupa. Iko kwa kifuniko cha soda hapa mezani, imekauka, na nikiidondoshea tone moja la maji inanuka tena, Mkono wote. Jumamosi naibeba niende nayo Budalang'i. Pamoja na panga.