Taa ya Gari ya Mzee

Gari yangu mpya na ile ya zamani ya Baba, anayoifunika turubai kule nyumbani kwake Theta, ni za kampuni moja ndogo inayochechemea, isiyo na pesa hata ya kubadilisha muundo wa taa. Nilipogonga nguzo Ruiru na kukosa spea, niling'oa taa ya gari ya Baba kimyakimya, nikaifunga kwenye yangu. Akadhani ni mwizi, akamfuta kazi Mutua, mlinzi wake. Nami, mjinga, nikanyamaza.

Jumapili mchungaji aliombea gari yangu nje ya kanisa. Baba alishika taa, macho amefumba. Kidole chake kikakwama kwenye namba ya gari yake, aliyoichonga mwenyewe kwenye kioo cha taa kuzuia wezi. Akafumbua macho, akaisoma polepole.

"Kamau," akaniuliza, "Mutua anakaa wapi siku hizi?"