Jina la Huyo Mgeni

"Nataka jina la huyo mgeni," alisema, na mkono wake ukapita dirishani hadi juu ya meza yangu.

Nilikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali moja pale Musoma, sitaji ni ipi. Majalada ya wagonjwa walioruhusiwa na wale waliotibiwa wodini yaliletwa kwangu. Nasoma daktari ameandika ugonjwa gani, nautafutia namba kwenye kitabu kinene cha Kiingereza, naiandika juu ya jalada. Mtu akianguka mtini, kuna namba yake. Akiumwa na nyoka, ipo. Majirani zangu wa Kamunyonge walikuwaga wananiuliza nafanya kazi gani hospitali, nikisema naandika namba wananipa pole.

Yule mwanaume alikuwa mkulima wa Butiama, amevaa shati lake la kanisani, macho mekundu. Nikamwambia, "Kaka, toa mkono kwanza. Halafu niambie mgeni gani."

"Mke wangu yuko wodi ya akina mama. Nesi kaniambia wametoa kitu cha mgeni ndani yake. Nimeelekezwa majina yote yanakaa kwako. Nipe jina lake, niende."

Jamani! Kicheko kilinijia, nikamtazama usoni, kikaisha chenyewe. Nesi alikuwa amesema kitu cha kigeni. Ndivyo tulivyokuwaga tunayageuza maneno ya daktari, tukimaanisha kitu chochote kisicho cha mwili kilichoingia mahali pasipotakiwa. Lakini nesi alikuwa Mjita, Kiswahili alikipata shuleni, na huyu baba aliongea Kizanaki nyumbani kwake na Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani. Cha kigeni, cha mgeni, kwake yote ni mamoja. Na mgeni ndani ya mke wa mtu, nani asiyejua maana yake?

Yaliyobaki alinieleza bila kuulizwa. Tangu mkewe ajifungue alikuwa na homa isiyoisha na harufu iliyojaza nyumba. Mama wa huyu baba akasema hiyo ni gono, ameitoa kwa wanaume. Yeye mume akahamia kwa kaka yake. Ndugu wakakaa, wakakubaliana kwamba hospitali ikikuta ugonjwa wa mwanaume, mke arudishwe kwao Bunda, mtoto abaki Butiama.

"Mtoto ananyonya," nikamwambia.

"Atakunywa maziwa ya ng'ombe."

Hapo nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nikatamani kumfungia dirisha. Badala yake nilivuta jalada la mkewe, maana nilikuwa nimeliandika asubuhi ileile.

Kitabu changu kilikuwa na fungu zima la vitu vilivyokutwa kwenye njia ya mkojo na ya uzazi. Kwenye kibofu, namba hii. Kwenye mji wa mimba, ile. Nilishaandika ushanga wa mtoto mdogo, nikaandika kijiti, nikaandika kipande cha mpira wa mkojo uliochemshwa mara nyingi mpaka ukakatikia ndani ya mzee wa watu. Lile fungu linauliza kitu kiko wapi. Nani alikiweka, haliulizi. Kwa mambo ya namna hiyo kuna fungu lingine, kurasa za nyuma kabisa, la vitu vilivyosahauliwa na watu wa tiba wenyewe. Nimeshaacha kazi ile siku nyingi, na bado najiuliza ni wanawake wangapi walisemwa vibaya katikati ya mafungu yale mawili.

Daktari alikuwa ameandika maneno machache tu: kitambaa kwenye njia ya uzazi. Nami nikakipa namba ya mahali kilipokutwa. Nikamwambia yule baba asubiri, nikaenda na jalada.

Nilimkuta daktari ananawa mikono kwa maji matupu. Miaka ile ruksa ya kuingiza bidhaa ilikuwa imeshafika mjini, sabuni za Kenya zimerudi sokoni, mitumba imemwagwa chini watu wanachagua, lakini stoo yetu ilikuwa bado na njaa. Vitambaa vya kuzuia damu vikiisha, manesi walikuwaga wanakata mashuka chakavu, wanayachemsha. Nikamweleza mambo ya mgeni. Hakucheka.

"Ni shuka letu," alisema. "Alichanika akijifungua, wakamwekea kuzuia damu. Zamu zikabadilishana, akaenda nalo nyumbani."

Akajipangusa mikono. Tulijua wote wawili kwamba namba ya kurasa za nyuma ikifika mkoani, wakubwa watauliza nani alikuwa zamu. Kisha akachukua kalamu, akaongeza alichokuwa ameniambia. "Andika namba ya kosa letu," akasema, na akatangulia wodini yeye mwenyewe, mimi nikapita kumchukua yule baba.

Mke alikuwa ameketi kitandani ananyonyesha, msichana mwembamba kuliko nilivyodhani. Daktari akaongea polepole, akimtazama mume.

"Kitambaa ni chetu. Tulimwekea sisi, tukasahau kukitoa. Mkeo hana ugonjwa wa mwanaume yeyote. Tunawaomba msamaha."

"Kwa hiyo yule mgeni..."

"Mgeni ni sisi," nikadakia. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki.

Mume akashusha pumzi, akacheka, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Pamoja na hasira zangu zote, nilimwonea huruma. "Basi, mama," akamwambia mkewe, "wakikuruhusu tu funga vitu vyako. Twende nyumbani."

Mke hakuinua kichwa. Alimhamishia mtoto titi la pili, akamtengeneza vizuri, ndipo akasema.

"Nilikwambia sijaenda kwa mtu."

"Sasa tumejua."

"Nilikwambia ulipobeba mkeka ukahamia kwa kaka yako. Nilikwambia mbele ya mama yako, nimepiga magoti. Leo umeambiwa na daktari, umeamini hapohapo. Mimi ulinisikia lini?"

 Mume akanigeukia mimi, sijui alitaka nimsaidie nini. Nikabeba jalada, nikarudi kuandika namba ya kurasa za nyuma.

Walipomruhusu mke atoke, nilimwona kutoka dirishani kwangu, mtoto mgongoni, kanga ameikaza. Alisimama akaniuliza kwa adabu, "Dada, basi la Bunda linapakilia wapi?"

Nikamwelekeza. Mumewe alikuja nyuma yake amebeba beseni la nguo za mtoto, akiongeza mwendo ili asiachwe, na hakuwa ameambiwa kama ataruhusiwa kupanda.