Kibuyu cha Mbegu za Nkambo

Tangu juzi nafunga mizigo. Maji ya ziwa yamefika kizingitini mwa nyumba hii aliyotuachia baba, hapa Kalemie, na mume wangu ameamua tuhamie Kirungu, kule milimani nilikozaliwa na ambako sijakanyaga tangu nilipokuwa na miaka minane. Watoto wananiuliza kila dakika: kuna baridi? Kuna samaki? Watu wa huko watatucheka? Najibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, lakini, rafiki yangu, roho iko juu. Leo asubuhi nikakuta nyuma ya kabati kibuyu cha nkambo, nikakaa chini nacho.

Nkambo alikuwa mama ya mama yangu. Baba alipopata kazi bandarini Kalemie, yeye ndiye aliyetueleza ya kutarajia, ingawa mwenyewe hakuwa amefika huko hata siku moja. Watu wa ziwani hawajui blanketi, alisema. Wanakula samaki pamoja na macho yake. Na tujihadhari na maji. "Ziwa iko vile: ikitaka, inaingia kwa mutu bila hodi." Wakubwa walicheka. Mimi nilimshika nguo nisimwachie.

Tulishuka kwa miguu hadi Moba, nkambo akitusindikiza, tukapanda boti, nikatapika njia nzima, kichwa mapajani mwake. Kalemie ilitupokea kwa joto na harufu ya ndagala, wale samaki wadogo walioanikwa mchangani hadi karibu na mlango wetu. Mama alifungua mizigo siku ile ile. Nkambo alifungua wake nusu: akatoa sufuria na blanketi, akaacha jembe na kibuyu cha mbegu za maharagi vikiwa vimefungwa kwa kamba.

"Mutu hafungui muzigo wote mu inchi ya wengine," alisema. "Mvua ikianza, narudi Kirungu kupanda."

Kuanzia hapo nikawa adui wa mawingu. Wingu likitanda juu ya ziwa, nilikimbia kumshika nkambo nguo. Shuleni walicheka jinsi nilivyotamka maneno. Mchana mama alikuwa sokoni, baba bandarini. Nilikuwa na mtu wangu mmoja tu, na mguu wake mmoja ulikuwa njiani. Jirani yetu, mama muuza ndagala, alipomkuta akiota moto saa sita mchana alimtania, "Mama ya Kirungu, jua yote hii haikutoshi?" Nkambo alicheka, kisha akatazama kule boti zinakotia nanga.

Jumapili moja alipokwenda misa, nilijifanya mgonjwa nikabaki. Nikafungua ile kamba. Nikachukua jembe, nikapanda mbegu zote uani, kwenye mchanga mtupu, sikubakiza hata moja. Akili yangu ya kitoto iliniambia kwamba mtu haachi shamba kabla ya kuvuna.

Zilipoota, akajua. Alisimama uani mikono kichwani.

"Mutoto, umenimaliza! Mbegu ya mama yangu unatupa mu muchanga?"

Nililia, nikamwambia sikutaka aniache. Hakunipiga. Akasema tu, "Lete ndoo."

Tulimwagilia asubuhi na jioni. Tuliyawekea maharagi kivuli cha vipande vya nyavu mbovu alivyotuletea jirani huku akicheka: "Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe, lakini Mama ya Kirungu amejipa mwenyewe!" Mengi yalikauka. Yaliyopona yalitoa maganda membamba, na mbegu hazikujaza hata kiganja.

"Hizi hazitoshi kurudi nazo," nkambo alisema. "Tupande tena kwanza."

Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Kila mavuno, bado kidogo. Nami nilifurahi, nasema ukweli, nilifurahi mno. Nilipokuwa msichana mkubwa kibuyu kilikuwa kimejaa zamani, na hakuna kati yetu aliyelitaja jambo hilo. Alifia hapa. Tulimzika kilimani, juu kabisa, mbali na maji.

Ua ule sasa ni ziwa. Mama muuza ndagala amehamia kwa mwanawe, na pale alipoanika samaki mitumbwi inapita. Harufu ile niliyoichukia siku ya kwanza, leo naitafuta asubuhi siipati. Maji yameingia bila hodi, kama alivyosema.

Kibuyu nakipeleka Kirungu, kilivyo, na kamba yake. Mchana nilipanda kilimani kumwambia hivyo, nikidhani atafurahi. Badala yake nikaishia kung'oa magugu kaburini kwake. Nilifanya kila hila ya kitoto ili asiniache peke yangu Kalemie, naye akakubali kubaki, akabaki mpaka mwisho. Boti inaondoka kesho. Mimi ndiye ninayemwacha.