Mzee wa Kanisa Bila Miwani

Juma lililopita nilikuwa kwenye benchi la hospitali hapa Nakuru, nikingoja dawa ya magoti. Kando yangu mama mmoja wa Elburgon alikuwa amempakata mtoto aliyepumua kwa shida. Akapita mzee wa kanisa letu, yule wa sala ndefu kila Jumapili. Mama aliponisikia nikimwamkia "mzee wa kanisa", akamgeukia.

"Mzee, niombee mtoto huyu."

Mzee akapapasa mfuko huu wa koti, akapapasa na ule. Akatoa kitabu cha sala, akakishika mbali na macho, akakirudisha.

"Pole mama, miwani nimeisahau nyumbani."

"Sikusema usome, mzee. Nimesema uombe."

Mzee akavaa kofia yake, akasema atarudi kesho. Kabla nesi hajatuita, mtoto alikuwa amekata roho.

Mnangoja nimcheke mzee. Ningemcheka sana, lakini mimi nilibatizwa kabla yake, na yule mama nilikuwa nimegusana naye bega kwa bega. Nikatafuta neno moja la kumwambia Mungu, nikakuta ndani pamekauka. Nilichofanya ni kusogea kidogo kwenye benchi, ili apate nafasi ya kulia.