Folda ya Pembeni

Mdogo wangu tulimwita Taratibu, na jina lilimkaa. Kufunga kamba za viatu tu, dakika tano. Alikuwa karani ofisi ya maji, mimi fundi kompyuta. Mdomo wangu hauna breki, basi nilimtania mpaka wateja wangu wakamwonea huruma.

Mama alipoambiwa atapasuliwa koo kwa ajili ya saratani na hataongea tena, mimi nililia. Taratibu hakulia. Alimkalisha Mama mezani wiki mbili, akamrekodi akisoma sentensi moja baada ya nyingine. Kisha akaniletea dukani kompyuta ya ofisi, ile aliyorudi nayo nyumbani kila jioni.

"Dada, nasikia kuna programu inajifunza sauti ya mtu. Ukiandika, inasema."

Ipo kweli, ila inataka programu nyingine kumi na kitu ndipo ifanye kazi, na kompyuta ile ilikataa kusakinisha chochote bila nywila ya mkubwa wake wa kazi.

"Kamwombe."

"Nimemwomba mara tatu. Kila siku ni kesho."

"Basi achana naye! Tunapita pembeni."

Tukafungua folda mpya kwenye diski, mbali na mafaili yote ya ofisi. Humo tukaweka kisakinishi kinachojitegemea, kile kinacholeta programu nyingine kutoka mtandaoni na kuzipanga humo humo bila kugusa kitu kingine. Tukaiandikia kompyuta njia ya kukifikia. Rekodi za Mama nazo nikazihamishia humo, wazo langu mwenyewe, ili vyote vikae pamoja.

"Tusiweke nakala kwingine?" akauliza.

"Wewe nawe! Hii inakwenda wapi?"

Baada ya upasuaji, miezi minane Mama akaongea kwa sauti yake. Alitugombeza nayo, akatuombea nayo. Alipomwita Taratibu mvivu kupitia kompyuta, yule bwana alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha pikipiki ikamgonga Taratibu akivuka barabara. Hata hospitali hakufika.

Siku ya tano baada ya mazishi ofisi wakapiga simu, wanataka kompyuta yao. Jamani, nilipandwa na hasira! Nikamwambia Mama, "Usijali, nitakuhamishia kila kitu kwenye yangu."

Dukani nikafanya kama ninavyowafanyia wateja wote. Nikanakili nyaraka, nikanakili picha, nikaangalia folda zile zile ninazoangalia kila siku. Kisha nikafuta diski nzima na kuandika juu yake mara tatu, kwa ukali, ili wale watu wasibaki na hata herufi moja ya ndugu yangu. Mikono ilijua kazi, kichwa hakikuwepo. Mjumbe wao akaja, akaichukua.

Ile folda ya pembeni niliikumbuka nikiwa mlangoni kwa Mama, kompyuta yangu kwapani. Ndani Mama alikuwa ameshasogeza kiti na kuvaa miwani. Akaipokea kwa mikono miwili, akafungua ukurasa mtupu, akaandika "Ahsante mwanangu," akasubiri.

Kompyuta haikutoa sauti. Akanitazama. Nilitaka kumwambia, Mungu ni shahidi.

Akaandika tena, nikasoma begani kwake: "Labda sauti iko chini. Ongeza."

Nikaongeza.