Shavu Juu ya Boneti

Mara ya tatu kupita mbele ya duka lilelile la vioo ndipo nilipokubali kwamba nimepotea. Mji ule sikuwahi kuukanyaga. Nilikuwa njiani siku ya pili, nikiendesha gari jeusi la binamu yangu, mtu anayeweza kulifuta vumbi gari lake kwa shati alilovaa. Kuanzia ukingo wa boneti hadi mlango wa dereva kulikuwa na mikwaruzo ya miiba niliyoiparamia nikikwepa lori. Keshokutwa ilibidi nimrudishie.

Muuza vioo alitoka, akaniangalia, akaliangalia gari, akasema bila kuulizwa, "Unamtafuta Busu."

"Natafuta fundi wa kupiga polishi."

"Ndiye huyo. Geti la bluu, nyuma ya duka la matairi. Akilibusu gari lako usishtuke."

Geti lilikuwa kubwa, na katikati yake kulikatwa kilango chenye komeo la chuma. Nilibisha. Upande wa ndani komeo likahangaika, likapanda, likashuka, likapanda tena. Kisha sauti ikasema, "Ngoja," na geti zima likafunguka kwa kusukumwa na bega. Aliyesukuma alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka hamsini hivi, ovaroli ya kijivu, uso umenyolewa mpaka unang'aa. Kwenye zipu ya ovaroli alikuwa amefunga pete ya waya, kubwa kama bangili. Hakunitazama mimi kwanza.

"Umepita porini?"

"Nilikwepa lori."

"Lori limepona?"

"Limepona."

"Basi tuone mgonjwa wetu."

Gereji ilikuwa ya kaka wa mke wa Busu, na kwa hiyo wanaume hao wawili waliitana shemeji kutwa nzima, hata wakigombana. Mwenye gereji alikuwa fundi wa kupaka rangi. Chumba chake kilikuwa nyuma, kimezungushiwa nailoni. Uani alikuwepo fundi bodi mmoja aliyeitwa Nyundo, kazi yake kunyoosha mabati na kuzungumza. Busu alipiga polishi. Alikuwa akiipiga hapo miaka kumi na tisa.

Nimesimama katika gereji nyingi, katika nchi ambamo nilijifunza kusema "bado kidogo?" kabla ya kujifunza kusema "asante". Mafundi wengi hutulia wakishika kazi. Busu hakutulia. Aliliosha gari mara mbili, kwa maji ya ndoo mbili tofauti, akalivuta kivulini, akalizunguka. Alihamisha kitambaa kutoka bega hili hadi lile. Aliwasha taa ya mkono, akaizima, akaiwasha tena. Kisha akatoa kifaa kidogo, akawa anakigusisha hapa na pale na kusoma namba zake kwa sauti.

"Mlango una rangi ya kutosha," alisema. "Huku kwenye mgongo wa boneti ni nyembamba. Rangi ikiwa mbichi hukimbia kona, haipendi kukaa pale. Ndiyo maana pedi ya mashine hula kona kwanza."

"Lakini mikwaruzo itatoka?"

"Mkwaruzo ni shimo, bwana. Shimo halitoki. Unashusha rangi iliyolizunguka mpaka ilingane nalo. Watu wanadhani tunaongeza kitu. Tunaondoa. Kazi yangu ni kujua pa kuishia."

Akabandika tepu ya karatasi ya kukinga rangi kwenye kila ukingo, kila mkunjo, kila mpira. Kila alipobandika alipitisha kidole gumba juu yake kuikandamiza, na macho yake yakakifuata kidole kile kama mzazi anayemtazama mtoto akivuka barabara.

Alianza na mlango. Aliilaza pedi kwenye rangi kabla ya kuwasha mashine, isije ikarusha dawa ya polishi na kuchimba. Alikwenda polepole, mistari ya kulala, kisha ya kusimama, pedi imelala sawasawa, haisimami mahali hata nusu pumzi. Akazima. Akainama, akalaza shavu lake la kulia juu ya mlango, akafumba macho.

"Mwulize kama amelala vizuri," alisema Nyundo kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Vuguvugu," alisema Busu akiinuka. "Bado halijakasirika."

Nikamwuliza kwa nini hatumii mkono.

"Kiganja cha fundi ni soli ya kiatu. Shavu halidanganyi."

"Ndiyo maana ananyolewa kila asubuhi kama bwana harusi," alisema Nyundo.

"Ndevu ni msasa."

"Na nani anamnyoa? Mwulize."

"Mke wangu. Wewe wako hata kukuangalia hataki."

Nyundo akacheka mwenyewe, akarudi kwenye bati lake. Saa nane chai ililetwa katika vikombe vya bati, ikitoka moshi. Nyundo alikishika chake kwa kitambaa. Mimi nilikiweka changu chini upesi na kupuliza vidole. Busu alikizungushia chake kiganja chote, akakaa hivyo, akinieleza jinsi jua linavyoharibu kazi, jinsi dawa inavyokauka juu ya rangi yenye moto na kugeuka mchanga. Niliona ngozi ya kiganja inaanza kuwa nyekundu. Aliniona ninaona. Akakitazama kikombe, akakiweka kando.

"Usimwambie shemeji," alisema chini chini.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ganzi ilianza mwaka juzi, vidole viwili vya kulia. Mtetemo wa mashine. Sasa ni kumi vyote. Daktari alisema niache mashine. Nikamwuliza, nishike nini?" Alikuwa ameshasimama, anapiga pedi kwa brashi kuitoa uchafu. "Nimemwahidi mke wangu. Miaka kumi na tisa sijaunguza rangi ya mtu. Siku nikiunguza, naiweka mashine chini siku hiyohiyo. Mpaka leo shavu limenitosha."

Lilimtosha kwenye mlango, likamtosha kwenye bati la juu ya tairi la mbele. Mikwaruzo ilififia, weusi wa gari ukawa na kina kama kisima. Nilianza kuhesabu saa. Ningeweza kulala mji unaofuata. Yeye naye alikuwa na haraka ambayo haikufika mikononi. Iliishia miguuni, iliyokuwa ikikanyagakanyaga.

Boneti ilibaki mwisho. Alikwenda upande mmoja wa mkunjo, akazima, akalaza shavu. Kulikuwa na joto kidogo, alisema, akangoja. Joto hilo ndilo lililoinua tepu. Kipande cha urefu wa kidole kilikuwa kimejikunja kwenye mgongo wa boneti, pale palipo pembamba, na rangi nyeusi ilikuwa inachungulia chini yake. Mimi nilijua hayo baadaye.

Sauti ikaita kutoka ndani ya nailoni, "Shemeji, hilo jeusi likoje?"

"Namalizia, shemeji," alijibu Busu, uso ukiwa umegeukia kule, huku kidole gumba kikipita juu ya tepu kama kilivyopita mara mia siku hiyo. Kisha akalaza pedi na kuwasha.

Ilisikika karatasi ikichanika. Hakuchukua hata sekunde mbili kuinua mashine, lakini kwenye mgongo wa boneti kulikuwa na alama ya kijivu, ukubwa wa ukucha, na kuizunguka weusi uliofifia kama wa mkaa. Alizima. Safari hii hakuinama.

Nyundo aliacha kugonga. Mwenye gereji alikuja, barakoa imepandishwa kwenye paji la uso. Alibandua mabaki ya tepu, akayanusa, akayatupa.

"Tepu mbovu. Nilisema tepu hizi hazishiki." Akanigeukia. "Mgeni, utuwie radhi. Boneti nitaipaka mwenyewe, ni juu yetu. Siku tatu."

"Tepu ilikuwa imeinuka," alisema Busu.

"Ndiyo nasema."

"Niliipitishia kidole, shemeji."

"Basi ikainuka baadaye. Shemeji, usijitafutie maneno."

Busu alifumba macho, akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Weka kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote, hapo mezani."

Mwenye gereji alimtazama Nyundo, kisha mimi. Akachukua nati ndogo, ile ya kufungia kibao cha namba, akaiweka taratibu katikati ya kiganja. Tulisimama. Nje ya geti pikipiki ilipita, ikaenda zake.

"Weka basi," alisema Busu.

Alifumbua macho, akaiona nati, akaitazama muda.

"Tangu lini?" aliuliza mwenye gereji.

"Mwaka juzi."

"Na dada yangu anajua?"

"Ndiye ananinyoa."

Mwenye gereji alijifuta uso kwa mkono wenye rangi. "Kaa basi. Utapima, utaonyesha, mashine ashike mwingine. Nani atakufukuza hapa?"

"Hayo tutaongea kesho, shemeji. Leo nina ahadi nyumbani."

Aliipiga pedi kwa brashi mpaka ikawa safi. Aliikunja waya ya mashine, akaitundika mahali pake. Alishusha zipu kwa ile pete, akatoka ndani ya ovaroli. Aliponifikia alisema, "Wakishaipaka, mtu asiipige polishi mpaka mwezi upite. Rangi mpya ni laini. Mwambie binamu yako."

Nikasema nitamwambia.

Alikwenda kwenye kilango. Komeo likapanda, likashuka. Likapanda tena. Mwenye gereji alipiga hatua, lakini Nyundo akamshika mkono wa shati. Busu aliutazama mkono wake, akageuka, akalipa geti mgongo, na akaliinua komeo kwa kiwiko. Kilango kikafunguka, akatoka.

Nilikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, siku tatu nzima zikiwa mbele yangu. Mwenye gereji alitoa simu.

"Anakuja," alisema. "Ndiyo, mapema." Kisha akawa anamsikiliza dada yake, huku kidole chake kikienda na kurudi juu ya ile alama ya kijivu.