Petunia za Ukutani

Niwie radhi kwanza. Mwandiko wangu umelala upande, na tahajia huenda nikaikosea, kwa sababu shule niliiachia darasa la saba na tangu hapo mkono umeshika ufagio kuliko kalamu. Naandika polepole. Wewe nawe soma polepole, tutafika.

Mwanangu, niruhusu nikuite hivyo hata kama tunakaribiana umri. Huku Saudia mzee ni yule aliyetangulia kuingia, na wewe ndio kwanza unafunga mizigo.

Nakumbuka asubuhi moja mtaani Al-Hamra, hapa Jeddah, mwaka wangu wa kwanza. Nyumba ninayofanyia kazi ina kipande cha bustani kati ya ukuta na lango. Mtunza bustani alikuwa amerudi kwao, na madam akaniongezea mimi kazi hiyo juu ya kazi za ndani. Wasichana wenzangu wa kazi walinihurumia. Mimi nilifurahi kimyakimya, kwa maana ile ndiyo ilikuwa saa yangu pekee ya kuona anga bila kioo katikati. Lakini madam alisema wazi: maua yakifa, halas, yaani basi, anaweka vigae mpaka ukutani. Na vigae, mwanangu, unavipiga deki mara moja, halafu unarudi ndani.

Joto lilipoanza kupungua, ule wakati ambao kwetu Vihiga watu wanangoja mvua za vuli, nikaletewa miche ya petunia. Nikafanya kama nilivyomwona mama akifanya tangu nizaliwe. Nikainua matuta, marefu, yaliyonyooka, nikapanda juu yake. Kwetu usipoinua tuta, mvua inaozesha mizizi. Niliyapenda matuta yale. Haikuchukua muda, petunia zikanyauka, na juu ya udongo pakatokea unga mweupe. Nikadhani ni kiu. Nikaongeza maji, na unga ukaongezeka.

Dereva wa nyumba ni Mkenya pia, mtu wa Kitui, tunamwita Mzee Mutinda. Hapa mwanamume na msichana wa kazi hawasimami uani kupiga gumzo, wenye nyumba hawapendi. Kwa hiyo Mzee Mutinda akiwa na neno la kuniambia, huliambia gari. Asubuhi hiyo alikuwa akiosha kioo cha mbele, amenipa mgongo.

"Wewe gari," akasema, "umeletwa Jeddah na bado unangoja mvua? Unapanda juu ya kilima, unakimbia mafuriko gani?"

Nikainama kama ninayeng'oa magugu. "Na hilo gari lingepanda wapi?" nikauuliza udongo.

"Chini. Lichimbe shimo pana kama beseni, lipande ndani ya beseni. Maji ya huku yana chumvi. Ukiyapandisha kwenye tuta, jua linayanywa, chumvi inabaki pale juu na mche. Ndani ya beseni maji yanaisukuma chumvi chini." Akakamua kitambaa. "Na likome kumwagilia jua likiwa kali. Gari lina kichwa kigumu hili."

Nilikasirika. Nani anapenda kuambiwa kwamba alivyofundishwa na mama yake si sawa? Lakini mama hakukosea. Mama alikuwa Vihiga.

Kabla sijashika jembe, madam akatoka na fundi wa vigae, fundi ameshika kamba ya kupimia.

"Mafi maua," madam akasema, yaani hakuna maua. "Halas. Yalla, pima."

Mimi ni mtu wa kunyamaza. Nikimjibu madam ni "ndiyo, madam" tu, tena kwa sauti ya chini mpaka aniulize mara ya pili. Siku ile niliingia katikati ya kitalu na ndara zangu za ndani, nikaikanyaga kamba aliyokwisha kuitandaza.

"Mafi vigae, madam," nikasema kwa Kiarabu changu cha jikoni.

Fundi akatazama chini. Mzee Mutinda akaacha kuosha.

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana. Maua yalikufa kwa sababu niliyapanda juu. Sasa nitayapanda chini."

"Na yakifa tena?"

"Nitayapanda tena."

"Siku zote huna mdomo. Leo umeutoa wapi?"

"Nilikuwa nao, madam."

Angeweza kunirudisha kwa wakala aliyenileta siku hiyohiyo. Sikutoka kwenye kamba. Mwishowe akamwambia fundi aweke vigae nusu ya upande wa lango, na nusu ya ukutani aiache mpaka baridi ipite.

Nusu. Nikaichukua.

Nikasawazisha matuta, nikachimba mabeseni, nikachanganya samadi iliyooza vizuri, nikaletewa miche mingine, nikaipanda alasiri kivuli cha ukuta kilipofika. Juu ya udongo nikatandaza makuti makavu ili jua lisiunyang'anye maji. Vitumba vya kwanza nikavikata ili miche itanuke. Madam aliniona dirishani akagonga kioo kwa hasira. Niliendelea kukata.

Zilichanua mpaka ukuta ukawa hauonekani kwa chini. Madam hakunisifu. Alihamishia viti vya wageni upande ule, basi. Hadi leo kila joto likipungua anasema anataka vigae, nami nasema nataka maua. Nusu ile bado ni udongo.

Sasa nasaha yangu. Ukiingia nchi ya watu, angalia kwanza maji yanaenda wapi, ndipo upande. Ukipelekwa Riyadh, usichelewe kupanda, kwa sababu baridi ya kule ni ya kweli na mizizi inataka kushika kabla haijafika. Ukikosea, kubali, urudie. Lakini kosa lako lisiwe ruhusa ya mtu kukufungia nje ya kile unachokipenda. Sisemi umbishie madam kwa kila sahani. Nasema kama kuna saa moja ya siku inayokufanya ujione mtu, isimamie, hata sauti ikitetemeka. Wakikupa nusu, ipande yote.

Mungu akufikishe salama, akupe nyumba yenye huruma, na ukiikosa hiyo, akupe miguu isiyotoka kwenye kamba.

Ukifika, niandikie. Niambie kama uani kwenu kuna udongo. Hata ukikuta vigae vitupu, niandikie, nitakueleza jinsi ya kupanda kwenye ndoo.